Mpira Uliofungwa Uzi katika Jicho la Kalaba

Jumanne, tarehe 16 Juni 1987, Kalaba Musonda, fundi wa pampu mwenye miaka hamsini na minne, alipasuliwa jicho la kushoto katika hospitali moja ya Lubumbashi. La kulia lilikuwa limeshakufa zamani, kwa presha ya macho na kwa ubishi wake mwenyewe. Lililobaki lilikuwa na presha ileile, na juu yake mtoto wa jicho.

Daktari Ngosa alifanya kazi zote mbili kwa mpigo: aliondoa mtoto wa jicho, akaweka mpira wa kutolea maji yanayobana jicho kwa ndani, mwembamba kuliko unyasi. Kulifungua mara mbili jicho pekee la mtu, alisema, ni kulitafutia balaa.

Kalaba alikubali. Alikuwa amezeekea kwenye kuvuta kwa pampu maji ya machimbo ya shaba, na habari za mipira alizijua. Shida ilianza pale daktari alipomweleza yaliyobaki.

"Citoyen," alisema, kama serikali ilivyotaka kila raia aitwe, "kale kamupira nilikafunga na uzi. Uzi itaoza yenyewe, nyuma ya mwezi hivi. Kama maji inatoka yote sasa, jicho itanywea."

Kalaba alimtazama kwa huruma.

"Unaweka tuyau, mupira ya kutosha maji, alafu unaifunga."

"Ndiyo."

"Na banakulipa."

Bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza alichokiona vizuri baada ya miaka mingi kilikuwa mke wake, Victorine, ambaye kwenye karatasi za serikali alikuwa Ngalula tangu majina ya Kikristo yapigwe marufuku. Alikuwa ameshika sahani ya bukari, ugali wa kwao.

"Mama Wivine," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "unaisha kuzeeka."

"Weye njo ulitangulia. Ulikosa tu kujiona."

Furaha ilidumu mpaka Ijumaa. Mgodini kwao fundi hakumaliza zamu kabla ya kuona maji yakitoka kwenye mpira mpya. Mpira ukikataa, ulibinywa na kupigwa mateke mpaka utapike. Kalaba alilala chali wodini akiwaza ule uzi. Aliona ni aibu kulala na kazi isiyojaribiwa ndani ya kichwa chake. Victorine alipotoka kuosha sahani, alilibinya jicho kwa kidole gumba, polepole kwa maoni yake, yaani polepole ya mtu anayekaza boliti. Maji ya uvuguvugu yalimshuka shavuni.

"Inatoka," alimwambia mkewe aliporudi, kwa uso wa mtu anayesubiri medali.

Kufikia jioni alikuwa akimwona Victorine kama mtu aliye nyuma ya moshi wa mkaa.

Daktari Ngosa aliitwa, akalimulika jicho kwa tochi.

"Maji ilitokea kwenye kidonda. Kamupira ingali imefungwa."

Kalaba alikificha kidole gumba chini ya shuka.

"Docteur, nitaona?"

"Kesho nitashona tena. Kama hautashika, utaona. Kama unashika, hata miye sitakuwa na kitu ya kushona."

Victorine alivua kitambaa chake cha kichwa, akaifunga mikono ya mumewe kwenye chuma cha kitanda. Kalaba hakubisha.

"Kaza kidogo," alisema. "Ule wa kuume unalegea."

Asubuhi alirudishwa chumba cha upasuaji, kidonda kikashonwa upya, na baada ya siku chache jicho likaona vizuri tena.