Amplifaya ya Watu Wawili

Saa nne asubuhi, Onesmus Kilonzo ameketi kwenye kigoda chumbani mwake Ukunda, amelibana gitaa lake la besi kwenye mlango wa kabati. Hana amplifaya. Kichwa cha gitaa kikigusa mbao, kabati linanguruma kidogo, naye anasikia anachokipiga.

"Kabati hili ndilo bendi yangu," anasema. Anacheka peke yake.

Upande wa pili wa ukuta anaishi Bi Biasha, muuza mahamri. "Nasikia du, du, du kutwa, na wimbo siujui ni upi," anasema. "Namhurumia. Hata wa kumwambia 'hapo umekosea' hana."

Onesmus, mwenye umri wa miaka 41, alitoka Machakos akapiga besi miaka kumi na mmoja katika bendi ya watu watano kwenye hoteli moja ya Diani. Machafuko ya Agosti 1997 ya kuwafukuza watu wa bara yalipokuja, watalii walitoweka na bendi ikavunjwa. Watatu wakarudi bara. Yeye alibaki, na siku hizi hufyeka nyasi kwa shilingi mia na hamsini kwa siku, kazi inapopatikana.

Sasa harusi na sherehe ndogo zimeanza kumwita. Swali huwa lile lile: una amplifaya? Amedunduliza miezi kumi na minne ili apate la kujibu.

Kwa Iddi, fundi redio wa pale Ukunda, kuna mbili kuukuu, kila moja na spika yake ndani, na bei zimekaribiana. Ya kwanza hubebwa kwa mkono mmoja. Onesmus anachomeka gitaa, anapiga uzi mnene, na spika inakoroma. Anapunguza sauti. Mkoromo unakwisha, na besi nayo inakwisha.

"Kwa mazoezi chumbani inafaa," anasema. "Harusini, mama mmoja akipiga kigelegele tu, mimi sipo tena."

Ya pili ina spika pana kama sinia. Hata sauti ikiwa chini kabisa, kila noti inatoka safi. Onesmus anapiga huku amefumba macho. Akimaliza anajaribu kuiinua, inanyanyuka upande mmoja tu, anairudisha chini.

"Hiyo ni ya watu wawili, kaka," Iddi anamwambia. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Chukua ndogo, uende zako."

Zamani vyombo vizito vya bendi Onesmus alivibeba na Tsuma, mpiga dramu, Mdigo mwenyeji wa Mkongani. Tsuma alishika upande wa kushoto, yeye wa kulia.

Hawajaonana tangu machafuko. Onesmus alikimbilia kanisani, akalala huko wiki mbili. Aliporudi, gitaa halikuwepo chumbani, na mwenye ufunguo wa pili alikuwa Tsuma. Akautangazia mtaa mzima kwamba Tsuma amemwibia.

Siku ya nne Bi Biasha akamletea gitaa limefungwa kwa leso. Tsuma alikuwa amelificha kwao lisiporwe. Alipokuwa akilirudisha, alisikia mtaani anavyosemwa, akalikabidhi kwa mama huyo na kugeuza njia.

"Sikwenda kumwomba radhi," Onesmus anasema. "Niliona haya. Nikasema wiki ijayo, na huu ni mwaka wa pili. Wale watatu waliondoka kwa hofu. Tsuma nilimfukuza mimi, kwa mdomo wangu. Upweke huu nimejitakia mwenyewe."

Anatoa pesa mfukoni, analipia ile kubwa. Iddi anamtazama, anauliza kama amwitie mkokoteni.

"La. Kaa nayo mpaka Jumapili," Onesmus anajibu.

Jumapili atakwenda Mkongani. Kwanza ataomba radhi, anasema, na habari ya amplifaya itafuata baadaye, kama atakaribishwa kuketi.

Na Tsuma akikataa?

"Nitarudi Jumapili nyingine," anasema, akiufuta vumbi mshikio wa kushoto kwa kiganja. "Upande huu ni wake. Sitampa mtu mwingine aushike."