Mama Mkwe, Pijo na Kalipa za Turbo

Chekeni tu, nimeshazoea, maana kanisani kwetu hapa Kapsoya hadi leo mtu akinitambulisha kwa mgeni hasemi mimi ni karani, anasema "huyu ndiye yule wa Pijo", na wote wanageuka pembeni kuficha meno.

Gari lenyewe, hilo Pijo (Peugeot), ni la zamani, limenizidi umri, na nililipenda hivyo hivyo, Rose mke wangu akisema nimeoa wake wawili. Kalipa za mbele (vile vyuma vinavyobana sahani ya gurudumu ukikanyaga breki) zilikuwa zimeoza, na kila duka la spea mjini Eldoret nililoingia lilinitoa na kicheko. Muuzaji mmoja aliitazama ile kalipa mkononi mwangu akauliza, "Boss, hii gari bado inatembea ama iko museum?" Mwishowe nikazipata Turbo, kwa jamaa anayebomoa magari, kalipa mbili za pikapu, akazipima kwa macho tu. "Zinaingia hizo. Piga tupa kidogo hapa kwa sikio la kufungia bolti, utanishukuru." Jumamosi nikapiga tupa mpaka vidole vikafa ganzi, na kweli zikaingia, nikaanza kuimba peke yangu chini ya gari.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Kalipa ina tundu la kutolea hewa, maana hewa ikibaki ndani breki haishiki, na kwa kuwa hewa hupanda, lile tundu sharti litazame juu. Yangu yalitazama chini, yote mawili. Rose aliniletea chai, akainama, akauliza, "Baba Faith, zile za zamani si zilikuwa zinaangalia juu?" Nikamwambia za pikapu ndivyo zilivyo. (Moyoni nilishajua nimefunga ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, lakini nilikuwa nimechoka, Mama Mkwe alikuwa amefika kutoka Kakamega mchana huo, kesho yake ilikuwa Jumapili ya mavuno, na nilitaka aonekane akishuka kwenye gari la mkwewe.) Pedali ilikuwa laini, ila ukiipiga-piga inakaza. Nikasema inatosha.

Mnajua kwetu sisi Waluhya mama mkwe haguswi, haangaliwi machoni, wala haongeleshwi ovyo ovyo. Basi asubuhi Rose akakaa mbele, Mama akakaa nyuma, na mimi nikageuza kioo kitazame paa tusije tukaonana. Akitaka kitu anasema, "Rose, mwambie bwana yako afunge dirisha," nami nafunga kana kwamba Rose ndiye aliyehisi baridi.

Barabara tambarare breki zilishika. Tukafika kwenye mteremko wa kanisa, nikakanyaga, pedali ikaenda mpaka chini, kimya, hakuna kitu. Nikapiga tena. Hakuna kitu. Mbele yangu barabara imejaa watu wa Mungu na nguo zao za Jumapili, akina mama wamebeba watoto mgongoni, na mimi nawajua kwa majina. Nikabonyeza honi sikuiachilia. Nikavuta handibreki ikaja yote na mkono (ile ilikuwa pambo tangu ninunue gari). Gia ya pili ikakataa, ikalia vibaya. Watu wakarukia mitaroni. Rose alikuwa anaita jina la Faith, mtoto wetu aliyebaki nyumbani, mimi napiga kelele, maneno yenyewe siyakumbuki, na jamani niliogopa. Tukapita lango la kanisa bila kugusa nguzo, hata leo sijui vipi, tukaingia moja kwa moja kwenye magunia ya mahindi yaliyopangwa uani kwa ajili ya sadaka.

Mahindi yalikuwa yanamiminika juu ya boneti. Ndipo nikahisi mikono miwili imenizunguka shingo kutoka nyuma, shavu limelala begani kwangu, na kilemba cha Mama Mkwe kiko mapajani mwangu. Kanisa zima lilitoka nje, kwaya na mavazi yao, wakatuona hivyo. Mzee mmoja wa kwetu akashika kichwa. "Uwii! Amekumbatiwa na mama mkwe, tena mbele ya pasta!" Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini wakati huo nilitamani ningekuwa nimeumia kidogo, angalau nibebwe nikiwa nimefumba macho.

Jioni wazee walikuja nyumbani na maneno ya kondoo wa kutakasa mwiko niliovunja. Mama alikuwa amekaa ameupa ukuta uso. Akawasikiliza mpaka wakamaliza.

"Rose," akasema, "mwambie bwana yako mambo ya kushikana shingo nimesamehe, kondoo aachwe. Lakini mwambie nilimsikia akiomba. Alikuwa anamwambia Mungu asimchukue kabla hajamaliza nyumba yake ya Sugoi. Watu watatu kwa gari, na yeye anaombea mabati."

Rose hakuniambia. Ujumbe ulikuwa umeshafika.

Pijo liko juu ya mawe. Nimeapa sitaliwasha tena mpaka matundu yale yatazame juu na fundi mwingine ayapime, na breki yoyote nikiisikia laini nashuka, naenda kwa miguu. Na nikiomba, hata iwe ni kwa chai tu, naanza na Rose, kisha mama yake, kisha mtoto. Nyumba ya Sugoi sijaitaja tena.