Rupia Zilizooshwa kwa Ajili ya Mgeni

Mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, anaishi nje kidogo ya Newala. Kule juu maji huvunwa kwenye bati wakati wa mvua na kuhifadhiwa kisimani, au hununuliwa kwa dumu. Kisima chake kilikuwa kimepata ufa. Alitaka kukijenga upya kabla ya mvua, ndiyo maana akanitolea kopo la rupia za Mjerumani alizoachiwa na bibi.

Mimi ni mwalimu Masasi, na hukusanya sarafu za zamani. Nilizitazama kwa lenzi, kisha nikazitazama tena. Zilikuwa nyeusi, na ukingoni zina ubluu kidogo, lakini chini ya weusi ule kila unyoya wa ndege aliyekaa juu ya kofia ya mfalme wa Ujerumani ulionekana. Nikamweleza kwamba mkusanyaji haangalii umri peke yake. Huangalia sehemu zilizoinuka, yaani manyoya, masharubu na mashavu, kwa sababu hizo ndizo zinazolika kwanza sarafu ikipita mikononi mwa watu. Sarafu mbili zilizotengenezwa siku moja zinaweza kuachana bei kama kuku na ng'ombe.

"Basi hizi ni ng'ombe?"

"Ni ng'ombe, mama."

"Mbona hazilii?" akasema, tukacheka.

Nikarudi Masasi na picha kwenye simu. Mkusanyaji mmoja kutoka Dar es Salaam alizipenda, akataja bei ambayo ingetosha kisima na bati la upande wa paa uliobaki na nyasi. Nikampigia mama mkubwa: nakuja Jumamosi na mgeni, anataka kuziona.

Tulipofika tulikuta ua umefagiliwa na mkeka umetandikwa. Mgeni akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba na kukaribishwa mihogo. Kisha mama mkubwa akaleta sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe. Alipokifunua, rupia zilimeremeta kama sufuria ya harusi.

Nikamtazama mgeni.

Mgeni alichukua moja, akaiweka chini ya lenzi, akafumba jicho la pili.

"Huyu anatazama pesa au analenga nguruwe?" mama mkubwa akaninong'oneza, kwa sauti iliyosikika na wote.

Mgeni alitabasamu kidogo. "Mama, nani amezisugua?"

"Mimi mwenyewe, baba. Kwa majivu na maji ya bibo la korosho, kisha nikazisuuza kwa dumu zima la maji. Nikupe wewe uchafu, umetoka Dar?"

Dumu zima. Kwetu, mtu anayemwaga dumu la maji ya kununua kwa ajili yako amekuheshimu kuliko aliyekuchinjia jogoo.

Mgeni alizitazama zote, moja baada ya nyingine, bila haraka. Akasema kwa upole kwamba sasa anaweza kuzinunua kwa uzito wa madini ya fedha tu. Mama mkubwa akanigeukia mimi, si mgeni.

"Si ulisema ng'ombe?"

Nikamwomba mgeni lenzi, nikaketi mkekani karibu na mama mkubwa, nikamweleza nilichopaswa kumweleza mwanzoni. Nikamwonyesha mikwaruzo midogo iliyopita juu ya shavu la mfalme, yote ikielekea upande mmoja, jinsi mkono unavyosugua. Weusi ule haukuwa uchafu. Ulikuwa ngozi ambayo fedha hujiotesha yenyewe kwa miaka mingi, na mnunuzi akiuona anajua hakuna aliyeichezea sarafu. Ukishaondoka haurudi. Hata kama manyoya yote yapo, sarafu iliyosuguliwa huwekwa kando, na daraja lake hushuka.

Alitazama kwa muda mrefu.

"Nimeiona," akasema. "Kumbe nimeichuna." Akamgeukia mgeni. "Nisamehe, baba, umesumbuka safari. Sisi wa huku ni washamba."

"Si wewe, mama," nikasema. "Mimi nilijua, sikukwambia."

"Ungejuaje kama nitaziosha?"

Ningejua. Nimelelewa kwenye ua ule. Hakuna kitu kilichowahi kutolewa mbele ya mgeni bila kuoshwa, hata kikombe kilichotoka kuoshwa. Siku ile ya kwanza nilikuwa na mengi ya kueleza, nikachagua yale yaliyomfurahisha. Nilipenda kumwona akicheka.

Nilimshauri asiuze, nikasema nitatafuta namna. Akanitazama kama mtoto anayechelewesha watu. "Mvua itakusubiri wewe?" Akauza zote.

Pesa ile ilinunua saruji ya kuziba ufa tu. Ya kwangu niliyomtumia kwa simu aliirudisha siku hiyohiyo, akasema niwanunulie wanangu viatu.

Mvua ya kwanza ilipopita alinipigia. Kisima kimeshika vizuri, akasema, ila bati ni la upande mmoja, kwa hiyo maji yamefika nusu. Akanishukuru kwa kumletea mnunuzi. Nikamuuliza habari za korosho.