Visahani Sita kwa Siku

Jikoni pale hospitalini walimwita Meno, maana kazi yake ilikuwa kuwasagia chakula wagonjwa wasioweza kutafuna. Kutwa alisimama kwenye mashine, kisha akarudi nyumbani kuanza zamu ya pili, isiyo na mshahara wala likizo: mumewe.

Mume alikuwa amekatwa zaidi ya nusu ya utumbo mwembamba. Watu hudhani tumbo ndilo linalokula. Wapi! Tumbo ni msagaji tu, kama Meno mwenyewe: linaponda, linamwaga tindikali yake, linasukuma mbele. Mlaji hasa ni utumbo mwembamba. Humo nyongo na maji ya kongosho humalizia kukivunjavunja chakula, na ukuta wake wenye vijinyama vidogo mno hukinyonya na kukitia kwenye damu. Ukifupishwa, chakula kinapita njia tu. Ndiyo maana daktari aliagiza kidogo kidogo, mara sita kwa siku, mafuta machache. Akishuka chini ya kilo arobaini na nane, alisema, itabidi alazwe tena, alishwe kwa mshipa. Mume aliichukia wodi kuliko kifo, na Meno alimwapia kwamba hatarudi huko.

Wifi yake alipokuja kumwona mgonjwa, akakuta chakula kwenye kisahani cha kikombe.

"Wifi, hiki cha paka au cha kaka yangu?"

"Ndivyo daktari alivyosema."

"Daktari! Mtu mifupa mitupu, na bado unampimia?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kesho yake, Meno akiwa kazini, wifi akapika nyama ya mafuta, akajaza sahani ikawa mlima. Mume akamwonea haya dada yake, akala yote. Siku mbili hakubanduka chooni, Meno nyuma yake na ndoo, na maji ya chumvi na sukari. Wifi alilia akaomba radhi. Kugombana nako kunataka nguvu, na Meno hakuwa nazo.

Siku ya kliniki mizani ilisoma arobaini na nane kamili. Meno akaketi kwenye benchi, akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho.

"Uko mpakani kabisa," alimsikia daktari akimwambia mumewe. "Nikulaze, au urudi nyumbani tujaribu wiki moja zaidi? Uamuzi ni wako."



"Nilaze tu, daktari," akasema kwa sauti ya chini. "Mke wangu yule pale, usimwamshe. Amechoka sana."

Meno alikuwa macho. Alijua anapaswa kuinuka na kusema hapana, kwa kuwa aliapa. Moyo ulimuuma, na papo hapo akaona afueni, na afueni ile ikamtia aibu. Akasikia kiti cha magurudumu kikiletwa, kikipita mbele ya magoti yake. Hakufumbua macho.