Usije na Pamba

Segera ni joto, hata Julai. Joto la lami na la injini za mabasi yanayopumzika kidogo kabla ya kugawana njia, haya Tanga, yale Arusha. Katikati ya joto hilo Mwantumu anauza masweta ya mtumba. Wapita njia humtania: "Mama, hayo unawauzia mbuzi?" Wateja wake anawajua. Ni vijana wanaokwenda kuwabebea watalii mizigo mlimani, wanaolala kwenye mahema mahali ambapo maji huganda ndani ya chupa.

Mteja wa kwanza alikuwa mdogo wake, Jabiri.

Mama yao alipofariki kule Mashewa, Jabiri alikuwa bado anabebwa, na aliyembeba ni Mwantumu. Akakua kijana wa mikogo, mtu wa kupiga pasi hata fulana ya kulalia. Vijana wa Segera nguo kali huziita pamba, na hakuna aliyetupia pamba akamfikia Jabiri.

Alipopata kibarua cha upagazi, Mwantumu alipekua belo mpaka chini. Akapata sweta la sufu, rangi ya damu ya mzee, suruali nzito na soksi za sufu. Jabiri alilivaa sweta, akajigeuza mbele ya kioo.

"Dada, hii pamba! Wazungu watanipiga picha mimi, mlima wauache."

Asubuhi ya safari, kiongozi wa wapagazi, Fabiani, akapiga simu. Jabiri akaweka sauti kubwa ili dada yake naye asikie.

"Kijana, jambo moja. Huku juu usije na pamba. Pamba huku inaua mtu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bosi."

Simu ilipokatika walicheka wote wawili.

"Kajuaje kama mimi ni mtu wa pamba?"

"Sifa zako zimetangulia," alisema Mwantumu. "Hataki umfunike mgeni wake. Nenda kama mtu wa kazi."

Basi Jabiri akalitoa sweta begini. Akatoa na ile suruali, na soksi. Akaweka jinzi yake kuukuu na fulana zilizopauka, akaondoka kwa adabu, kama mtu anayekwenda kulima.

Mvua iliwakuta njiani, kisha theluji. Hawakuweza kumteremsha kwa wakati.

Fabiani mwenyewe ndiye aliyeuleta mwili Mashewa. Aliketi kwenye mkeka mbele ya Mwantumu, kofia mkononi.

"Pole sana, dada. Alikuwa na koti la mvua la kuazima, sikuona alichovaa ndani. Fulana na jinzi, vyote vya pamba, hii pamba ya shambani. Ikilowa huko haikauki. Inakaa na maji yake mwilini mpaka inamaliza joto lote. Na nilimwambia, dada. Nilimwambia asije na pamba."

Mzee mmoja akachungulia kutoka chumba walimokuwa wakimwosha Jabiri, akauliza kwa sauti ya chini kama pamba ya maiti imeshaletwa. Ilikuwa mapajani mwa Mwantumu. Akainuka, akampa.

Hiyo ni miaka kadhaa sasa. Lile sweta la damu ya mzee linaning'inia nyuma kabisa ya kibanda chake, na anayeuliza bei huambiwa haliuzwi.

Juzi alikuja Loserian, kijana wa wafugaji wa Kang'ata, fulana mwilini na begi begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Nakwenda mlimani kubeba mizigo. Nataka nguo za kawaida tu." Alishika sweta zito la sufu, akalipapasa, akalirudisha. "Hili kali mno. Nimeambiwa nisije na pamba."

Mwantumu alizunguka meza. Akaikamata fulana ya kijana kifuani, akaivuta kwa ngumi.

"Pamba ni hii. Hii uliyovaa. Si nguo nzuri, ni hii inayokunywa maji. Umesikia?"

"Lakini mama, pamba si..."

"Hata mimi nilidhani hivyo."

Mwantumu alimvua ile fulana, akamvisha mwenyewe: nguo nyepesi ya ndani isiyoshika jasho, sweta, koti, kofia ya kufunika masikio. Jasho likamchuruzika kijana mpaka kidevuni.

"Oyaa!" waliita vijana wa bodaboda. "Segera imeanguka theluji?"

"Mama, nitakufa kwa joto kabla sijafika," alisema Loserian akicheka.

Mwantumu hakucheka. "Simama hivyo hivyo nikuone."

Akamtazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kupima nguo. Basi lilipopiga honi alimvua koti na sweta, akavikunja begini kwa mkono wake, akazipekua fulana zote zilizokuwamo, akazitoa.

"Hizi niachie, na hiyo uliyokuja nayo. Ukirudi uzipitie."

"Nitazipitia, mama."

"Uzipitie kweli."

Basi likachukua njia ya Arusha. Fulana aliyokuja nayo Loserian ilikuwa imelowa jasho la njiani, na Mwantumu akaianika kwenye kamba mbele ya kibanda. Aliuza kofia moja, akageuka kuitazama. Jua la Segera lilikuwa limeshaikausha.