Jiko Lisilo na Masizi

Mama yangu, Soila, amejenga nyumba saba kwa mikono yake. Kwetu, nje ya mji wa Kajiado ukielekea Ilbissil, nyumba ilikuwa kazi ya mwanamke. Baba alichagua mahali pa boma na kuzungusha miiba. Kukata fito, kuzikunja, kuzifunga na kuzikandika kwa udongo na samadi ya ng'ombe ilikuwa kazi ya mama. Katika kila nyumba aliacha tundu ukutani, karibu na mafiga, lenye ukubwa wa ngumi yake. Bibi alimfundisha kulipima hivyo: anaingiza ngumi, na ikipita bila kukwaruzwa, tundu linatosha.

Nyumba ya nane hakuijenga yeye. Baba aliuza ng'ombe, akaleta fundi kutoka mjini, na kwa siku nne tukawa na nyumba yenye paa la mabati na sakafu ya saruji. Majirani walikuja kuitazama. Mama alisimama nje, dada yangu Naisula akiwa mgongoni, akamwona fundi akiziba kwa saruji ule mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Alitaka kumuuliza moshi utatokea wapi. Hakuuliza. Miaka mingi baadaye aliniambia sababu: "Ile ilikuwa nyumba ya kisasa, na mimi nilikuwa mwanamke wa samadi."

Mwezi wa saba wa mwaka huo baridi ilikuwa kali. Mimi nilikuwa shule ya bweni. Ndugu yetu Ledama, aliyekuwa na miaka minne, alikuwa na mafua. Alfajiri mama alimfunika, akamwekea jiko la makaa karibu na kitanda, makaa yaliyokuwa yameshika vizuri, mekundu, hayatoi moshi hata kidogo. Akafunga mlango ili baridi isiingie, akambeba Naisula, akaenda kukamua. Aliporudi na maziwa alimwita Ledama mara tatu.

Hakuna aliyemlaumu. Daktari alieleza kwamba makaa yasiyotoa moshi ndiyo yanayoua, kwa kuwa mtu hayaogopi. Siku ya pili baba alichukua mtaimbo akavunja ukuta karibu na paa, na tundu hilo liko hadi leo. Kwa miaka mingi mama hakulizungumzia jambo hilo, wala sisi hatukumuuliza. Naisula alikua akijua tu kwamba alikuwa na kaka aliyekufa kwa baridi.

Mwaka jana Naisula alipata nafasi ya chuo Kitengela. Barua ilikuja na orodha ya mahitaji yenye kurasa tatu: picha nne, kofia ya maabara, hata aina ya kalamu. Hapakuwa na neno hata moja kuhusu mahali ambapo msichana wa miaka kumi na tisa angelala na kupika. Sitaficha hasira yangu. Tunajenga madarasa ya vioo, kisha watoto wa watu tunawaachia wenye nyumba, na kila mwenye nyumba ana sheria zake.

Kazi ya kutafuta chumba ilinijia mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza shahada na nilikuwa nafundisha masomo ya ziada hapo Kitengela. Nilizunguka wiki nzima. Mama alikuwa ameniambia jambo moja tu: "Angalia mahali pa kupikia." Mwishowe nikapata hosteli ya wasichana, ghorofa nne, lango la chuma, kamera. Chini kulikuwa na jiko la pamoja lenye meko manne ya gesi, masinki mawili na vigae vyeupe mpaka juu. Ukutani kulikuwa na tangazo: Ni marufuku kupika vyumbani. Nikaona hapa kuna watu makini. Nilipiga picha nikamtumia mama kwa simu ya jirani.

"Ni nzuri," alisema. "Nitakuja niione."

Iliniuma. Nilijiuliza ataona nini ambacho mimi sikukiona.

Walifika Jumamosi mchana, yeye na Naisula. Niliinamisha kichwa kumsalimu, mama akakigusa, tukaenda moja kwa moja hadi hosteli. Keateka, mtunza nyumba, alikuwa mwanamume wa makamo aitwaye Muturi, mcheshi, mwenye funguo nyingi kiunoni.

"Karibu, mathe," alisema akifungua lile jiko. "Hapa msichana wako atapika mpaka asahau nyumbani."

Mama aliingia. Masinki hakuyatazama. Alienda kwenye meko, akaweka kiganja ukutani juu yake, akakipitisha polepole, kisha akakitazama. Akainama, akapitisha kidole chini ya chuma cha kuwekea sufuria. Akatazama dari. Akanusa.

"Wasichana wangapi wanakaa hapa?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Arobaini na sita, mathe. Imejaa, imebaki chumba moja tu."

"Na wote wanapika hapa?"

"Wote. Si unaona sheria iko hapo kwa ukuta."

"Arobaini na sita," mama alisema. "Na hakuna hata mmoja amewahi kumwaga maharagwe."

Muturi alicheka. "Tuko na usafi. Mwenye nyumba ni mtu wa usafi sana."

Nilimwambia mama kwa Kimaasai, nikijaribu kuwa mpole, "Yeyo, ni usafi tu. Mambo ya mjini."

"Saruni," alisema, "umesoma miaka kumi na sita. Jiko ambalo halina masizi linapikiwa na nani?"

Nilivitazama tena vile vigae vyeupe. Naisula alitazama chini ili asionekane akinicheka.

"Tutangoja," mama alisema.

"Mtangoja nini, mathe?" Muturi aliuliza.

"Njaa. Njaa ikifika nitaona wanaenda wapi."

Tulikaa kwenye benchi karibu na lango. Muturi alifunga jiko kwa kufuli, akaja kutupigia hadithi za Kitengela ya zamani, wakati swala walikuwa wanapita nyuma ya soko. Ilipokaribia saa kumi na mbili jioni wasichana walianza kurudi. Hakuna aliyeelekea upande wa jiko.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mama muuza makaa. Kando ya ukuta wake palikuwa na majiko madogo yamepangwa, yakiwaka. Kila jiko lilikuwa na alama yake: uzi mwekundu, rangi ya kucha, kipande cha plasta. Msichana alikuja na ndoo yenye kifuniko, akatumbukiza jiko lake ndani, akalifunika na kupita langoni akiongea kwa simu. Akaja wa pili. Akaja wa tatu na beseni lililofunikwa kwa leso. Walikuwa wanaacha makaa yashike huko nje, ili wakiingia nayo ndani yasitoe moshi, keateka asinuse.

Muturi alikuwa anatazama upande mwingine. Naamini alijizoeza kutazama upande mwingine.

Mama alihesabu kumi na mmoja. Kisha akasimama. Niliuona uso wake na nikajua kwamba hatuko tena kwenye shughuli ya kutafuta chumba.

Alimfuata msichana wa mwisho ngazini hadi ghorofa ya pili. Sisi tulimfuata yeye. Mlango ulikuwa umefungwa, na chini yake palikuwa pamesukumwa taulo lililoloa. Mama aligonga.

"Nani?"

"Ni mama."

Hakuna msichana wa Kenya asiyefungulia neno hilo. Mlango ulifunguka kidogo, akatokea msichana mwembamba ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Ciku. Ndani dirisha lilikuwa limefungwa na pazia kubandikwa ukutani kwa selotepu. Sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, ilikuwa imeshawekwa juu ya jiko sakafuni. Kitandani alilala mwenzake, nguo zikiwa bado mwilini.

"Huyu ana nini?"

"Ni Wahu. Kichwa inamuuma tangu jana. Alipika lunch, akasema wacha alale kidogo."

Mama alivuka chumba kwa hatua mbili, akang'oa pazia, akafungua dirisha. Akashika jiko kwa pindo za shuka yake, sufuria na vyote, akalitoa hadi kwenye roshani.

"Mathe, tafadhali," Ciku alimwomba. "Muturi ataona. Nitafukuzwa, na mtihani ni wiki ijayo."

Mama alikuwa ameshamwinamia Wahu. Alimpiga mashavuni, mara moja, mara mbili, akimwita kwa jina ambalo alikuwa amelisikia dakika moja iliyopita. Wahu alifungua macho, akayafunga. "Saruni, mbebe," mama alisema. Nilimbeba hadi uani. Alitapika kwenye changarawe, akalia, akauliza ni saa ngapi. Naisula alimshikia kichwa. Baada ya muda aliweza kukaa mwenyewe, na mama akamshikilia mkono mpaka akajibu maswali yote vizuri: jina la baba yake, jina la shule yake ya msingi, leo ni siku gani. Tulipomtaka aende zahanati alikubali, na Ciku akampeleka kwa bodaboda.

Hapo ndipo nilipoanza kupiga kelele. Nilimwambia Muturi kwamba nitaandika mtandaoni, kwamba nitaenda kaunti, kwamba yeye ni muuaji. Wasichana walikuwa wametoka kwenye roshani, ghorofa zote, wakitazama.

"Mimi ni mtu wa kuajiriwa," Muturi alisema. Ucheshi ulikuwa umemwisha. "Niliambiwa nifungue wazazi wakija, nifunge wakienda. Ati wasichana wanamaliza gesi, wanachafua. Mimi niko na watoto wawili shuleni."

"Unawaua wa wenzako ili —"

"Nyamaza, Saruni," mama alisema.

Akamgeukia Muturi. Alizungumza Kiswahili chake cha polepole, kile cha sokoni, na wasichana wote juu walikuwa wanasikia.

"Mimi nilikuwa na kijana. Ledama. Miaka minne. Nilimwekea jiko kama ile ya Ciku, haina moshi, nikafunga mlango nikaenda kukamua. Nikarudi, amekufa." Aliifunga shuka yake upya begani. "Watu walisema ni Mungu. Lakini mimi niliona fundi akiziba ukuta. Nilikuwa najua nyumba. Nimejenga saba. Niliona, na nikaogopa kuongea, kwa sababu yeye ni fundi na mimi ni nani. Wewe pia unaona, Muturi. Kila jioni unaona ndoo zikipita."

Naisula alikuwa ameweka mkono mdomoni. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameishi mgongoni mwa jambo hilo bila kuambiwa.

Mama alienda akaketi kwenye kizingiti cha lile jiko la vigae, mgongo ukiegemea mlango uliofungwa. "Sitoki hapa," alisema.

Muturi alimsogelea. Simu yake ililia, akaitazama, hakuipokea. Kisha akatoa funguo kiunoni.

"Nikiulizwa nitasema nini?"

"Sema kuna mwanamke Mmaasai alikalia mlango, ukamwogopa."

Kuna mtu alicheka huko juu. Muturi alifungua kufuli. Mwanzoni hakuna aliyeshuka. Kisha msichana mmoja akaja na sufuria yake ameishika kwa mikono miwili kama anayeingia kanisani, na nyuma yake wengine. Mama alisogea wapite. Ndani ya saa moja vigae vilikuwa na mafuta, kitunguu kilikuwa kimeungua, na wawili walikuwa wanagombania meko ya kona.

"Sasa, mathe," Muturi alisema, "chumba mnachukua?"

"Hapana. Leo umefungua kwa sababu nimekaa hapa. Kesho mimi niko Kajiado."

Siku iliyofuata tulipata vyumba vya mabati upande wa Noonkopir, kwa mjane aitwaye Rahab. Mahali pa kupikia ni kibanda cha wazi uani, mawe na majiko, kuta nyeusi tii. Rahab mwenyewe anapika hapo na wapangaji wake. Naisula alitazama akavuta pumzi. "Hata kigae kimoja hakuna," alinong'ona. Lakini alikuwa ameshaweka begi chini. Mama na Rahab walikuwa tayari wanabishana kuhusu kuni gani hushika haraka.

Niliandika barua kwa ofisi ya kaunti. Iligongwa muhuri wa kupokelewa, na hadi leo muhuri huo ndio jibu. Wiki tatu baadaye Ciku alinipigia. Muturi alikuwa amefutwa kazi, keateka mpya alikuwa amekuja na kufuli jipya, na mama wa makaa alikuwa na kazi tena. Ciku na Wahu walikuwa wamehamia kwa Rahab siku hiyo, chumba cha pili kutoka kwa Naisula.

Nilimpigia mama nikamweleza yote. Nilitaka, nadhani, anifariji. Alisikiliza hadi mwisho, mbuzi wakilia nyuma yake.

"Wamebaki wangapi?" aliuliza.

"Arobaini na wanne, Yeyo. Pengine zaidi, chumba chao kitakuwa kimechukuliwa."

"Na huyo mwenye nyumba, umewahi kumwona kwa macho?"

"Hapana. Anakaa Embulbul, wanasema."

"Tafuta nyumba yake ni ipi," mama alisema. "Jumatatu nitakuwa Kitengela saa mbili asubuhi. Tutaenda pamoja, na wewe hutapiga kelele."