Televisheni ya Jirani

Nyumba yetu ya Rosettenville, Johannesburg, haikuwa na televisheni, na nilihakikisha kila mtu anajua. Jumapili tulikuwa tunakutana wanawake wa Kitanzania tulioolewa na wanaume wa Afrika Kusini waliokimbilia kwetu wakati wa ubaguzi, tukafuatana nao waliporuhusiwa kurudi kwao. Wenzangu wakianza kulalamika kuwa watoto wamezama kwenye katuni hata kula hawataki, mimi nasubiri zamu yangu. "Kwangu hicho kitu hakuna," nasema, midomo nimeibana. Maringo yangu yalikuwa hayavumiliki. Nikikumbuka natamani angekuwepo mtu wa kunikanyaga mguu chini ya meza.

Lakini msinihukumu bado, sababu nilikuwa nayo. Siku moja tulipiga simu Morogoro, nikampa binti yangu aongee na mama yangu. Alikuwa na miaka mitano. Bibi yake akamwambia, "Hujambo, mjukuu wangu?" Mtoto akanitolea macho, kisha akajibu kwa Kiingereza kwamba yuko sawa, asante. Mama alicheka, ila simu iliponirudia sauti yake ilikuwa imebadilika. "Sasa hawa mimi nitawajuaje?" akaniuliza. Siku hiyo nililia jikoni mpaka vitunguu vikaungua.

Basi nikatunga sheria. Kuanzia chakula cha jioni mpaka watoto kulala, nyumba nzima ni Kiswahili. Tulichambua maharage mezani, tukacheza mdako kwa kokoto za uani, tukafanya vivuli vya mbwa na kanga ukutani kwa mikono. Halafu mimi natoa hadithi. "Hadithi, hadithi!" napiga kelele, nao wanaitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Hata mdogo wa binti yangu, wa kiume, miaka mitatu, alikuwa analipuka nayo. Tuliiita saa ya Kiswahili, ingawa ilidumu kama saa mbili. Baba watoto hakuwemo. Alifanya kazi Randburg, kaskazini huko, teksi mbili kwenda na mbili kurudi, akifika watoto wameshalala.

Ndipo mama yake alipokuja kukaa nasi. Miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, na baba watoto ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Tukamwekea kitanda chumbani kwa watoto, upande wa dirisha. Watoto wakamwita Gogo, kama bibi wote wanavyoitwa huku. Mimi aliniita makoti, yaani mke wa mwana, na sikumbuki kama aliwahi kuniita kitu kingine. Alijua Kizulu na Kiingereza cha kubahatisha. Mimi Kizulu changu kilikuwa cha sokoni tu, bei gani na punguza. Siku za mwanzo alijitahidi kuniuliza ya kwetu. Mlima wa Morogoro una rangi gani? Asubuhi kuna baridi? Nilimjibu kwa mkato huku nasugua sufuria. Nilikuwa nimechoka, na kumkalimania mtu mlima ni kazi.

Wiki ya kwanza alikaa nasi kwenye saa ya Kiswahili, blanketi magotini, anamgeuzia uso kila anayesema. Tukicheka naye anacheka, amechelewa kidogo. Jioni moja nilipomaliza hadithi ya sungura, akajisogeza mbele ya kiti, akapiga makofi mara moja, akaanza kitu kwa Kizulu. Watoto wakamgeukia wote wawili. Nami, kwa adabu zangu zote, nikamwambia kwa Kiingereza, "Mama, sasa hivi ni saa ya Kiswahili."

Akaziba mdomo kwa kiganja. "Samahani, makoti," akasema.

Kesho yake, tulipomaliza kula, akachukua blanketi na fimbo yake, akasema anaenda kwa jirani kutazama tamthilia kwenye televisheni. Jirani alikuwa mama wa Kireno, mjane, aliyekulia Msumbiji na kujua maneno mawili matatu ya kila lugha. Ilikuwa Julai, ile baridi kavu ya Johannesburg inayopasua midomo. Nilimwangalia dirishani akivuka uwanja pole pole. Kumwonea huruma? Niseme kweli: nilishusha pumzi. Nikajiambia, kumbe na yeye ni mtu wa televisheni, basi kila mtu amepata chake.

Ikawa ndiyo desturi. Anaondoka tukianza, anarudi watoto wakiwa kitandani. Anavua viatu, anakaa ukingoni mwa kitanda chake, na watoto wanamrukia: "Gogo, leo imekuwaje?" Naye anawasimulia kwa Kizulu yaliyotokea kwenye tamthilia. Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo, nasikia sauti yake ikishuka na kupanda, watoto wakishtuka, wakicheka, wakinyamaza kabisa. Kunyamaza kule ndiko kulikoniuma. Kwangu mimi hawakuwahi kunyamaza hivyo.

Nilivumilia miezi, maana mama mkwe si mtu wa kugombana naye. Lakini donge lilikuwa linakua. Jioni moja ya saa ya Kiswahili niko katikati ya hadithi, sungura anamdanganya fisi, nimeshaigiza sauti zote, mwanangu akapiga miayo. "Eish, Mama," akasema, na kilichofuata ni Kiingereza kitupu, "hii si nzuri. Nangoja ya Gogo."

Jamani, hasira! Kwa nani, hata sijui. Nilimaliza hadithi kwa ukali, watoto nikawafunika. Gogo aliporudi na kuanza tu kusimulia, nikaingia chumbani na mikono ina povu. Nikasema kwa Kiingereza, mbele ya watoto: "Mama, nakuomba. Televisheni nimeikataa isiingie mlangoni, wewe unaiingiza kwa mdomo. Mambo ya televisheni sitaki wanangu wayasikie."

Akaniangalia. Nilidhani atanijibu, na mdomo wangu ulikuwa tayari. Badala yake akainama, akamvuta mjukuu wake blanketi mpaka mabegani. "Kulungile, makoti," akasema. Sawa, makoti.

Hakusimulia tena. Kwa jirani aliendelea kwenda, akirudi anawatakia watoto usiku mwema na kugeukia dirisha. Baada ya mwezi akasema miguu inataka hewa ya Katlehong, kwa binti yake, wifi yangu. Baba watoto alimpeleka Jumamosi. Aliporudi alikaa mezani na kofia yake kichwani. "Alinisubiri miaka kumi na minne nikiwa kwenu," akaniambia. "Wewe umeshindwa kukaa naye mwaka." Nikambishia. Nilikuwa na majibu mengi siku hizo.

Na Kiswahili chenyewe? Watoto walipoanza shule kamili kilinyauka. Wananielewa mpaka leo, ila wananijibu kwa lugha zao. Televisheni baba watoto aliileta siku moja bila kuniuliza, akaiweka sebuleni. Jumapili kwa wenzangu nikaacha kujisifu, nao kwa hisani yao hawakuniuliza.

Miaka sita ikapita hivyo. Kisha yule jirani akauza nyumba ili ahamie kwa mwanawe. Akaniita dirishani nikachukue mto wa kiti alioufuma mama mkwe wangu, akausahau kwake. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia mle, miaka yote ile, ua na ua. Sebuleni kulikuwa na televisheni kubwa ya mbao, ya kizamani, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake picha ya marehemu mumewe na chombo cha maua. Nikatania, "Kumbe hii ndiyo iliyokuwa inaniibia mama mkwe!"

Mama wa Kireno akanishangaa. "Hiyo? Hiyo ilikufa kabla ya mume wangu. Sijawahi kuitengeneza."

Nikamwambia haiwezekani, alikuwa anakuja kutazama tamthilia kila jioni. Akatikisa kichwa. Walikuwa wanakaa jikoni, akasema, penye joto, wanamenya njegere. Mama mkwe wangu alikuwa na kawaida ya kuuliza, "Leo niwaambie nini watoto?" Anafikiri, anajaribu jambo kwa sauti, anacheka peke yake au anafuta machozi. Ikifika saa ya watoto kulala anainuka. "Alisema kwako hadithi ni za Kiswahili tu," jirani akaniambia. "Akaona ikiitwa televisheni, si hadithi, hutakataa."

Nilirudi nyumbani na ule mto kifuani. Binti yangu alikuwa mezani anafanya kazi za shule. Nikamuuliza, ile tamthilia ya Gogo ilikuwa inahusu nini? Nilidhani ameshasahau. Akaweka kalamu chini, uso ukafunguka.

Ilikuwa ya kijana, akasema. Alitoka asubuhi kwa mlango wa jikoni bila kuaga, na nusu mkate na koti la baba yake. Mama yake akawa haufungi ule mlango. Polisi walikuja wakapindua magodoro, naye akawaambia mwanawe yuko machimboni. Kila Krismasi anamwekea sahani. Huko mbali kijana alikuwa anaishi kwenye nchi yenye mlima wa kijani, asubuhi unajifunika ukungu. Analima mahindi, anajifunza maneno mapya, anaumwa malaria na hakuna wa kumpikia uji. Gogo alikuwa anaigiza anavyotetemeka.

Nilikuwa nimesimama, nikakaa. Baba watoto alishawahi kunisimulia ule mkate na lile koti, mara moja, miaka ya uchumba, na hakurudia tena. Wanangu walikuwa wanapewa habari za baba yao, kipande kwa kipande, hatua kumi kutoka kwenye beseni langu la vyombo. Maneno yalikuwa yananipita masikioni, nami nasikiliza televisheni tu.

"Halafu?" nikamuuliza.

"Halafu kuna dada mmoja kule anamcheka anavyokula ugali kwa kijiko." Binti yangu akacheka. "Gogo alikuwa anampenda sana huyo dada. Akamwoa, wakapanda ndege kurudi. Mama yake yuko uwanjani anasubiri, hajui mkwe wake atakuwa mtu wa namna gani. Mlango wa ndege ukafunguliwa."

"Halafu?"

"Halafu wewe ukaingia chumbani, Mama. Una povu mikononi."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Katlehong. Mama mkwe alikuwa amepungua, amekaa kwenye kochi la wifi mbele ya televisheni inayopiga kelele. Nikampa mto wake. Aliugeuza huku na huku, akaugusa mshono, akashukuru. Nikapiga magoti, kama tunavyofanya kwetu, na kwa Kizulu ambacho miaka ilikuwa imekirekebisha nikamuuliza: "Mama, mlango wa ndege ulipofunguliwa, yule mkwe alikuwaje?"

Alinitazama. Nadhani nilimwona akiitafuta ile hadithi, au akiamua. Kisha akatabasamu lile tabasamu lake la adabu, alilokuwa akinipa kila siku nyumbani kwangu.

"Ah, makoti. Ile ilikuwa televisheni tu."

"Mama, nimeingia kwa jirani. Nimeiona."

Nikasema, nisamehe. Nilisema kwa Kizulu, nikarudia kwa Kiswahili kwa kuwa Kizulu hakikutosha.

"Kulungile, makoti," akasema, na akapigapiga kochi pembeni yake. "Kaa. Yangu inaanza."

Nikakaa. Akaongeza sauti. Nilitazama naye mpaka ikaisha, wanawake wawili wakigombana kwenye nyumba nzuri, na mzee akilia hospitalini. Sikuelewa nani alikuwa mkwe wa nani, na sikuthubutu kumuuliza.